Cheni ya Baiskeli ya Hosea

Jumatatu, 3 Machi
Fundi Sadallah wa Kiboriloni ndiye aliyenituma nianze daftari hili. Amesema kila nikimpelekea baiskeli namwambia cheni imeruka, basi. Imeruka lini, kwenye kupanda au kushuka, kukavu au kwenye matope, sijui. "Unanifanya nitibu kwa kubahatisha, Mama Hosea. Kanunue daftari." Nimenunua la kurasa arobaini. Tangu nimalize la saba sijaandika kitu kirefu zaidi ya meseji, kwa hiyo mwandiko ni huu huu.

Baiskeli yenyewe ni ndogo, ya kitoto, ina vigurudumu viwili vya pembeni na mti wa kusukumia kwa nyuma. Za watoto wengine ukiacha kupiga pedeli miguu inatulia, baiskeli inajiendea. Ya Hosea siyo. Kule nyuma kuna kidude kinaitwa friwili, ndicho kinachoruhusu pedeli kusimama gurudumu likiendelea. Fundi amekichomelea kikafa kabisa. Sasa gurudumu likizunguka lazima pedeli zizunguke, na miguu ya Hosea nimeifunga kwenye pedeli kwa mpira wa tyubu, inazunguka nazo. Hana nguvu ya kuipeleka mwenyewe. Mimi nasukuma, baiskeli inampeleka miguu.

Dada Juliana wa kliniki ya mazoezi ndiye aliyetaka hivyo. Nusu saa kila siku magoti yakunjuke na kukunjika, la sivyo mishipa inafupika. Tarehe 30 Mei kuna kipimo. Mtoto ashike bomba asimame mpaka wahesabu ishirini. Akiweza anapata vyuma vya miguu na anaingia darasa la watoto kama yeye. Nafasi ni sita, na hawachukui aliyetimiza miaka sita. Hosea anatimiza Oktoba. Kwa hiyo ni mwaka huu tu.

Leo amesimama mpaka saba.

Jumatano, 5 Machi
Imeruka mara mbili, kwenye mwinuko wa kanisani. Kukavu.

Jumapili, 9 Machi
Baba Hosea yupo. Athanas anapakia vitunguu kwenye malori Himo, anakuja Jumamosi, anaondoka Jumatatu alfajiri. Ameleta machungwa. Hosea akisikia sauti yake getini anapiga kelele na kurusha mikono mpaka anataka kuanguka kwenye kiti. Maneno hana mengi, lakini "ba" anaitamka vizuri kuliko "ma". Haidhuru. Baiskeli hii Athanas ndiye aliyeinunua, Krismasi ya juzi, kabla hatujajua itatufaa nini. Mwanaume mwingine angeshakimbia.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi akatuangalia tukizunguka uani. Akasema mtoto si cherehani ya kupigwa miguu. Wifi Scola akacheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 11 Machi
Jana mara tatu, leo mara nne. Nimebeba Hosea mgongoni na baiskeli kichwani hadi Kiboriloni. Wanawake wa ndizi pale barabarani wananiuliza kama baiskeli ndiyo inayoumwa. Fundi amepima cheni, amesema imerefuka kwa kutumika, amekata pingili moja. Nimejaribu pale pale mbele ya kibanda chake, safi.

Jumamosi, 15 Machi
Siku nne hakuna kitu. Tisa.

Jumatatu, 17 Machi
Imeruka tena. Kwenye tambarare.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua imeanza. Mlima hauonekani, mpaka migomba ya jirani haionekani. Miguu ya Hosea inakuwa kama kuni siku za baridi, naikanda kwa mafuta ya moto kabla ya kumfunga.

Jumanne, 25 Machi
Fundi ameosha cheni kwa mafuta ya taa, akazungusha pedeli polepole kwa kidole akainama kuangalia. Ukizungusha upande mmoja cheni inakaza kama waya wa kuanikia, ukifika upande wa pili inalegea. Halafu akasema lile gurudumu la meno alilichomelea kombo kidogo, halikukaa katikati, kwa hiyo kosa ni lake. Amelikata, amelichomelea upya, hakutaka hela. Mafundi wanaokubali kosa mbele ya mteja ni wachache. Nikamwambia Mungu ambariki. Akasema aibariki kwanza cheni.

Jumapili, 30 Machi
Kumi na mbili! Nilihesabu polepole, bila kuiba.

Nilimwita Athanas aje aone. Alikuja, akaangalia, akasema vizuri. Halafu akanisimulia kwamba pale Himo kuna mtu ana picha ya Hosea kwenye simu, amefungwa kwenye baiskeli kanisani, wapakiaji wanapeana. Wameandika kitu chini yake. Nikauliza wameandika nini. Akacheka akasema upuuzi tu. Na mimi nikacheka.

Jumatatu, 31 Machi
Cheni imetoka kabisa. Nimechoka.

Jumatano, 2 Aprili
Safari hii fundi ameona gurudumu la nyuma limesogea mbele. Gurudumu linakaa kwenye mfereji wa chuma, linashikwa na nati mbili, moja kila upande. Nati zikilegea gurudumu linasogea, cheni inapwaya, inaruka meno. Ameweka nati mpya na washa za meno, vile vipete vya kuzuia nati isizunguke. Halafu akamwomba mke wake rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma cha baiskeli, pande zote mbili. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Ukibaki mzima, tutafute kwingine. Nikamsifu kwa akili. Mke wake akasema akili ni ya rangi yake.

Jumamosi, 5 Aprili
Mstari mzima. Kumi na nne.

Jumatatu, 7 Aprili
Mistari yote miwili imekatika.

Nimeshuka mvua ikininyeshea. Fundi hakugusa spana hata. Alisimama akiitazama, akaniambia niketi kwanza.

"Nati moja ikilegea nitakubali, ni chuma, chuma kina tabia zake," alisema. "Lakini zote mbili, robo mzunguko hii, robo mzunguko ile, siku moja? Hiyo ni spana. Kuna mtu anafungua."

Nikasema nyumbani hakuna mtu wa hivyo. Akauliza spana namba kumi na tano iko wapi. Nikakumbuka sanduku la vyuma la marehemu baba mkwe. Linakaa chumbani kwa mama mkwe, chini ya kitanda.

Jumanne, 8 Aprili
Leo nimefanya jambo na sijui kama nimekosea.

Nilimkuta mama mkwe anakoroga mtori wa ndizi wa Hosea. Huyu mama hata akimtukana hamnyimi chakula, niandike na hilo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Nilikuwa nimejipanga niulize kwa upole. Mdomo ukatoka na lake. Nikasema, mama, kama humpendi Hosea niambie mimi, usimfungulie nati mtoto.

Akaweka mwiko chini. Akaniuliza nati gani. Nikamweleza mambo ya mistari, rangi, spana. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso haukusogea. Kisha akauliza lini. Nikasema kila wiki, ukianza Jumatatu cheni haifai. Akarudia, "Jumatatu." Akaangalia mlango kwa muda mrefu.

Nikadhani anatafuta uongo. Nikasema kumbe ni kweli.

Hapo ndipo akanigeukia. "Ningetaka kummaliza mtoto wako nisingehitaji spana," alisema. "Ningekuacha ukamlelee kwenu kwenye miwa, aoge maji ya mfereji. Umekuja hapa na sanduku moja la nguo, umetuzalia hicho, nimekibeba mgongoni kikiwa na homa. Leo unaniita mchawi wa nati. Toka jikoni kwangu."

Ni kweli mimi ni mtoto wa kambi ya miwa, baba yangu alitoka Singida kuja kukata. Lakini Hosea si "hicho". Nilitoka na bakuli la mtori mkononi, nikamlisha nje chini ya upenu, mvua inarukia mpaka kwenye kijiko.

Kuanzia leo baiskeli inalala chumbani kwetu.

Ijumaa, 11 Aprili
Safi. Mama mkwe hanisemeshi. Scola naye hanisemeshi, anaimba tu mapambio kwa sauti nikipita.

Jumapili, 13 Aprili
Nimemweleza Athanas yote. Alinisikiliza amekaa kitandani. Akasema nimemdhalilisha mama yake, lakini hakunipiga wala hakupaza sauti. Nikamwomba aongee naye. Akasema ataongea naye. Jioni nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe alibaki na Hosea, nikawaacha wanacheka.

Jumatatu, 14 Aprili
Imekatika. Ndani ya chumba changu! Jana nilipokwenda majani alipata nafasi ya kuingia, tena Athanas yupo pale pale, hakumwona. Huyu mama ana moyo.

Nimenunua kufuli la mlango. Funguo ni mbili, moja yangu, moja ya Baba Hosea. Fundi alipokuwa anapaka rangi upya aliniuliza wikiendi nyumbani huwa kuna nani. Nikamwambia, huwa tuko wote. Akaendelea kupaka.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka
Athanas hakuja, mizigo ya sikukuu ni mingi. Ametuma hela ya nyama. Hosea alikaa anaangalia geti mpaka akalala kwenye kiti.

Jumatano, 23 Aprili
Kumi na saba. Mistari mizima. Kufuli limesaidia kweli, laiti ningelinunua mapema. Mvua inapiga usiku na mchana, tunazunguka kwenye kibaraza cha kanisa, kule kuna saruji.

Jumamosi, 26 Aprili
Kumi na tisa. Juliana amempapasa goti akasema, "Mama Hosea, huyu anaingia." Nimerudi nimebeba mtoto na baiskeli nikahisi nimebeba pamba. Athanas nilimkuta amefika. Nilimwambia kabla sijatua mzigo.

Ijumaa, 2 Mei
Niandike kama ilivyotokea.

Jumatatu tarehe 28 asubuhi kulipambazuka jua, la kwanza baada ya wiki. Athanas alishaondoka. Nikamtoa Hosea, nikamfunga miguu, hatukwenda kibarazani, nikasema tufurahie jua barabarani. Mistari sikuitazama. Kufuli lilikuwepo, ningeitazama ya nini?

Mwinuko tulipanda vizuri. Tuligeuza pale kanisani tukaanza kushuka, mimi nimeushika mti kwa nyuma nikimzuia asiende mbio. Nikasikia kelele ya chuma. Cheni ilitoka ikajisokota kati ya meno na gurudumu, gurudumu likakwama ghafla na pedeli zikakwama. Baiskeli ikapinda, nikateleza kwenye tope mti ukanichomoka, mtoto na baiskeli wakaanguka ubavu kwenye mfereji wa maji. Yeye alianguka huku, mguu wa kushoto ukabaki kule, umefungwa kwenye pedeli kwa tyubu. Niliufunga mimi, nikaukaza vizuri kama Juliana alivyonifundisha.

Hakulia mara moja. Alinitazama kama anayeniuliza kitu. Ndipo akalia.

Tyubu niliikata kwa meno. Kijana wa bodaboda, Valerian, alitushusha mjini, mimi nimemlaza Hosea kwenye mapaja, naushika ule mguu usining'inie. Mfupa wa paja. Wamemfunga plasta toka kiunoni mpaka kwenye vidole, wiki sita. Daktari alipoandika wiki sita nilihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka kipimo, nikarudia, nikahesabu tena kuanzia upande mwingine.

Athanas simu ilikuwa haipatikani Jumatatu. Jumanne haipatikani. Alikuja Jumatano jioni, akasimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa, hakuingia mpaka nilipomwita. Mama mkwe alikuja kila siku na chupa ya uji. Hatukusemeshana.

Jumatatu, 5 Mei
Tumerudi nyumbani. Anajikuna juu ya plasta, nampulizia.

Jumapili, 11 Mei
Jana mchana Athanas alikuja na baba yake mdogo, mzee Eliufoo, na mama mkwe akakaa nao sebuleni. Wakaniita. Athanas alikuwa ameshika jani la sale, lile refu linalopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, amelipiga fundo katikati. Akapiga goti. Mbele ya mama yake, mwanaume mzima, akapiga goti, akalinyoosha kwangu kwa mikono miwili. "Mama Hosea, nisamehe," akasema, basi.

Kwetu kambini hakuna hii. Ninachojua nimekiona kwa majirani tu, kwamba mtu akikuletea sale amejishusha mpaka mwisho, kumkatalia ni laana. Nikaona ni kwa sababu ya hospitali, zile siku mbili alizonikimbia. Mimi nilishamsamehe kabla hajafika getini. Nikalipokea jani, nikamwinua kwa mkono, nikalia hata.

Mzee Eliufoo akasema vizuri, yamekwisha. Akamwambia Athanas, sasa sema.

Athanas akasema nati alikuwa anafungua yeye.

Nikamwambia sielewi. Akasema kila Jumapili nikienda majani. Spana alikuwa nayo kwenye begi, ya Himo, si ile ya sandukuni. Robo mzunguko tu. Hakutaka mtoto aumie, alitaka cheni iruke ruke mpaka nichoke, niache kumpitisha barabarani. Alisema pale Himo wanamwita Baba Cherehani. Neno la mama yake mwenyewe, sijui lilifikaje kule. Alisema, "Hujui inavyokuwa, watu mia wanakucheka umebeba gunia."

Nilimwangalia mama mkwe. Akaniambia alijua siku ile ile jikoni, niliposema Jumatatu. Akamwuliza mwanawe, akakana. Baada ya hospitali akamwuliza tena mpaka akasema.

Nikauliza kwa nini hakuniambia, kwa nini wameniacha nipokee jani sijui la nini.

"Ungejua usingepokea," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana nilimwambia alete jani kwanza."

Nikalinyoosha nikamrudishia Athanas. Hakunyoosha mkono. Mzee Eliufoo akasema kwa upole kabisa, kama anayenielekeza njia ya sokoni, kwamba sale likishapokelewa halirudi, na jambo lake halitajwi tena, si kwa mchungaji, si kwa balozi, si kwa ndugu zangu. Atakayelitaja limpate yeye na uzao wake. Aliposema uzao alielekeza kidevu chumbani, kwa Hosea.

Na Hosea huko ndani alishasikia sauti. Akawa anaita "ba, ba, ba," anagonga plasta yake kwa kijiko.

Athanas akainuka akaenda kwake. Mimi nilibaki nimekaa na jani mapajani.

Jumatano, 14 Mei
Mvua. Namnyoosha mguu wa kulia kwa mkono, mara mia moja asubuhi, mara mia moja jioni.

Jumatano, 21 Mei
Nimepita kwa fundi Sadallah. Akauliza mgonjwa, nikamjibu. Akauliza kama tulijua nani. Nikasema nati zilikuwa mbovu. Aliniangalia, akashusha macho, akasema samahani, basi, nati niliweka mimi. Amelibeba. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na maneno mdomoni kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Ijumaa, 30 Mei
Nimempeleka kwenye kipimo hivyo hivyo na plasta, labda wataona huruma. Walikuwa wema, wametupa chai. Nafasi ya sita amepata mtoto aliyetoka Mkuu, Rombo, amesimama mpaka ishirini na mbili. Mama yake anaitwa Monica. Alinikumbatia, nikamwambia hongera, na nilimaanisha. Juliana alitoka nje akakaa huko.

Jumatatu, 9 Juni
Plasta imetolewa. Mguu umekuwa mwembamba kama mkono wangu. Goti limekunjika na halinyooki. Juliana alijaribu kidogo, Hosea akapiga kelele, akaacha. Amesema mishipa imefupika, mazoezi yaendelee, Mungu ni mwema. Zamani hakuwa anamtaja Mungu, alikuwa anataja goti linanyooka nyuzi ngapi.

Jumamosi, 14 Juni
Mguu mmoja, ameshika kitanda. Nne. Nne siyo sifuri. Nitaenda kuuliza kama kuna darasa jingine, hata la Arusha, hata linalochukua wakubwa.

Jumapili, 22 Juni
Mvua zimekwisha, mlima uko wazi wote. Athanas sasa hakosi Jumamosi. Amepaka baiskeli rangi ya buluu na ndiye anayesukuma. Leo amempeleka Hosea kanisani kwa barabara kubwa, mchana kweupe, mimi nyuma yao na Biblia. Watu walisimama kutupisha. Baada ya ibada mzee wa kanisa alimshika bega mbele ya wote akasema wanaume wa hapa waje wajifunze kwa Athanas maana ya baba. Wakapiga makofi. Scola alipiga vigelegele. Wanawake wakaniambia nina bahati, nikasema asante.

Hosea alikuwa anacheka njia nzima, kichwa amekiegemeza nyuma amtazame baba yake. Mguu wa kulia ulikuwa unazunguka. Wa kushoto haufiki kwenye pedeli, tumemkunjia juu ya kiti, tumeufunga kwa kitenge. Pedeli ya kushoto inazunguka peke yake, na ule mpira wa tyubu unaning'inia. Kupanda na kushuka, cheni haikuruka hata mara moja.